Kuungama na kuomba msamaha: uanzie wapi, useme nini, ulipe nini

Maswali ya wanaotaka kutubu ni yaleyale. Nianze kwa Mungu au kwa mtu niliyemkosea? Ni lazima nipite kwa padre au mchungaji? Mungu akishanisamehe, bado nadaiwa? Na mwenyewe akikataa kunisamehe? Wengi wanaouliza hivyo hawana shida ya imani. Wanajua wamekosa, wanajua Mungu husamehe. Kinachowashinda ni pa kuanzia na maneno ya kutamka. Kwa hiyo hapa hatutafundisha theolojia ya toba. Tutakwenda hatua kwa hatua.

Mwongozo huu ni wa kosa lenye jina. Kama unachobeba ni uzito tu, unajiona mbaya lakini ukiulizwa umefanya nini huna la kutaja, anzia sehemu ya "Mambo yakikwama" huko chini, kwenye kipengele cha wasiwasi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Usiandike kwenye simu. Karatasi utaichoma siku ya mwisho, ila simu huhifadhi nakala usizozijua, na watoto huichezea.
- Saa moja ambayo hakuna atakayekuita.
- Biblia, ifunguliwe Zaburi ya 51. Ina mistari 19. Kwa sauti ya kawaida haifiki dakika tano.
- Hesabu kamili, kama kuna fedha au mali: kiasi gani, lini, kilitoka wapi, kilikwenda wapi. "Kama laki hivi" haitoshi.
- Mtu mmoja wa imani anayejua kunyamaza. Huyu humwelezi kosa lenyewe kama hutaki. Mwambie tu kwamba siku fulani unakwenda kuomba msamaha, akupigie jioni yake.

Usichohitaji ni zawadi, msindikizaji wa kukutetea, na hotuba.

Hatua ya 1: Andika kosa kwa sentensi inayoanza na "ni-"

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, na ikiharibika hii, zinazofuata zote huenda kombo. Lugha yetu ina vitenzi vitamu sana vya kujificha. Fedha *zilitumika*. Maneno *yalinitoka*. Siri *ilivuja*. Mambo *yakatokea*. Tukio lipo, aliyelitenda hayupo. Akitafutwa sana, kazi anapewa Ibilisi: "Shetani alinipitia." Basi chukua kila kitenzi cha namna hiyo ukirudishe kwenye nafsi ya kwanza: nilitumia, nilitamka, nilivujisha.

Linganisha:

*"Kulitokea kutoelewana kuhusu fedha za kikundi."*
Iandike hivi: "Nilichukua 120,000 za kikundi mwezi wa tatu, nikaandika kwenye daftari kwamba zimenunua vifaa."

*"Nilipitiwa nikaongea vitu."*
Iandike hivi: "Nilitoa siri ya ugonjwa wako kwa watu wawili, na uliponiuliza nikakana."

*"Ndoa yetu ilipita kipindi kigumu."*
Iandike hivi: "Nilikuwa na uhusiano na mtu mwingine kwa miezi saba."

Angalia sentensi mbili za kwanza zilizorekebishwa. Kila moja ina tendo, ina kipimo (kiasi au idadi ya watu), na ina uongo uliotumika kulifunika tendo. Ya tatu bado haijakamilika: uongo wa miezi saba haumo. Uongo wa kufunika ni kosa la pili linalojitegemea, na watu wengi huungama la kwanza wakalisahau hili. Mara nyingi ndilo lililomuuma mwenzako zaidi.

Ukitaka mfano wa maungamo yenye vipimo, soma Yoshua 7:21. Akani, aliyeiba nyara za Yeriko, anataja joho nzuri ya Babeli, shekeli 200 za fedha, kabari ya dhahabu yenye uzani wa shekeli 50, na mahali alipozifukia: ardhini katikati ya hema yake, fedha ikiwa chini. Hakuna alichoacha. Ila alingoja kura imshike kabila, jamaa, nyumba, mpaka yeye mwenyewe ndipo aseme, usimwige hapo.

Kinyume chake ni Mwanzo 3:12. Adamu anaulizwa kama amekula matunda. Anamtaja mwanamke kwanza, anakumbusha kwamba Mungu ndiye aliyempa huyo mwanamke, anaeleza nani alimpa tunda, na mwisho kabisa, kwa neno moja, ndipo anasema "nikala". Soma karatasi yako uone "nikala" yako iko wapi. Ikiwa mwishoni baada ya maelezo matatu, futa maelezo, libaki neno.

Usipojua uanze kutafuta wapi, tumia mafungu manne ya sala ya Naungama inayosaliwa mwanzoni mwa Misa: mawazo, maneno, matendo, kutotimiza wajibu. Chora safu nne. Safu ya nne huwa tupu kwa karibu kila mtu; irudie. Mzazi uliyeacha kumtembelea, mtoto uliyeacha kumlipia ada ukiwa na uwezo, rafiki aliyesingiziwa mbele yako ukanyamaza, wote wanaingia humo.

*Tahadhari:* karatasi hii haipokei makosa ya mwingine. "Naye alinichokoza" huenda ni kweli tupu, lakini ina siku yake.

Hatua ya 2: Orodhesha walioumia

Kifupi tu. Safu ya kwanza jina, safu ya pili alichopoteza: fedha, heshima, kazi, usingizi, miaka. Waweke na waliodanganywa ili kosa lifichwe. Orodha hii ndiyo itakayokuambia uende kwa nani katika hatua ya 5 na ulipe nini katika hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ungama mbele za Mungu, leo hiihii

Usingoje ujisikie vizuri, wala usingoje uwe umelipa kwanza. Soma Zaburi ya 51 kwa sauti, kisha soma sentensi zako za hatua ya 1 kwa sauti ileile. Kuzisikia zikitoka kinywani mwako ni jambo jingine kabisa na kuziwaza.

Ukitaka mpangilio, zaburi yenyewe inao: kuomba rehema (mistari 1–2), kukiri (3–5), kuomba kusafishwa na kuumbiwa moyo safi (7–12), na kitakachofuata baadaye (13). Sala yako inaweza kuwa fupi hivi:

"Bwana, unihurumie. Nilichukua 120,000 za kikundi nikaandika uongo kwenye daftari. Sikulazimishwa na mtu. Unisafishe, unipe moyo wa kusema kweli. Nakusudia kuwaambia wenzangu Jumamosi na kurudisha fedha yote. Nisaidie nisirudi nyuma. Kwa jina la Yesu. Amina."

Mambo matatu huharibu sala hii. La kwanza ni biashara: "Ukinisitiri hili, nitakutolea sadaka." La pili ni kiapo usichokiweza, "sitakosa tena milele", sema "nakusudia", na taja hatua moja yenye siku. La tatu ni kuugeuza mstari wa 4, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako", uwe kibali cha kutokwenda kwa jirani. Daudi aliungama hivyo baada ya nabii Nathani kumkabili, na kufikia hapo Uria, ambaye Daudi alimchukulia mkewe, alikuwa ameshauawa. Wa kwako yu hai, na pengine namba yake unayo.

Ahadi unayoishika hapa ni 1 Yohana 1:9: tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Ahadi hiyo imekaa juu ya uaminifu wake. Machozi yako hayakutajwa.

Hatua ya 4: Pita kanisani kwa utaratibu wa kanisa lako

*Mkatoliki.* Kwa dhambi kubwa njia ya kawaida ni Sakramenti ya Kitubio, na unapaswa kuipokea kabla ya kurudi kwenye Komunyo. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ndio ulioweka wajibu wa kuungama walau mara moja kwa mwaka, na wajibu huo kwa dhambi kubwa upo hadi leo. Utaratibu: unaingia, unafanya ishara ya msalaba, unaomba baraka ya padre na kusema ni muda gani tangu ulipoungama mara ya mwisho. Halafu unataja dhambi. Kwa dhambi kubwa taja aina na idadi, kadiri unavyokumbuka: "nimedanganya kwa kiapo mara mbili", si "nimekuwa na udhaifu wa ulimi". Padre anaweza kuuliza swali moja au mawili, anakupa kitubio cha kutimiza (sala au tendo la malipizi), unasali sala ya kutubu, naye anakuondolea dhambi. Ukiwa mgeni au umekaa miaka mingi, mwambie mapema, "Padre, nimesahau utaratibu, niongoze." Anayasikia hayo kila wiki. Kuhusu hofu ya kutangazwa: siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, ni kifungu cha 983 cha sheria ya Kanisa. Ukificha dhambi kubwa kwa makusudi, hata hivyo, maungamo yote yanakuwa batili, na umejiongezea nyingine.

*Mwothodoksi.* Husimama mbele ya ikoni ya Kristo, au mbele ya Injili na msalaba, padre akiwa kando kama shahidi. Unaungama kwa Kristo padre akisikia, kisha hukuwekea kichwani stola yake, kitambaa kirefu cha shingoni, na kusali.

*Mlutheri na Mwanglikana.* Yapo maungamo ya pamoja katika ibada, na kwa wengi yanatosha. Lakini maungamo ya mtu mmoja mmoja nayo yapo, ingawa waumini wengi hawajui kwamba wanaweza kuyaomba. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ina sehemu yake maalumu: mbele za Mungu tunakiri dhambi zote, hata tusizozijua, mbele ya mchungaji tunataja zile tunazozijua na zinazotulemea moyoni. Mpigie mchungaji, omba nafasi, mwambie ni ya maungamo asije akaandaa kikao cha ushauri.

*Makanisa ya kiinjili na kipentekoste.* Msingi wenu ni Yakobo 5:16, kuungamana na kuombeana. Chagua mtu mmoja au wawili waliokomaa, wa jinsia yako. Usianze na kipaza sauti. Ushuhuda wa hadhara una mahali pake, lakini ukisimama madhabahuni ukaungama uzinzi, umeungama na ya mwenzako ambaye hakukutuma.

Onyo kwa wote: siri ya kitubio ni ya padre katika sakramenti. Mchungaji, mzee wa kanisa au rafiki wa maombi hafungwi kwa namna ileile, na palipo na mtoto anayeumizwa, sheria za nchi nyingi humtaka aliyesikia atoe taarifa. Uliza kabla ya kufungua mdomo: "Nikikuambia, litabaki hapa?"

Hatua ya 5: Nenda kwa uliyemkosea

Mathayo 5:23–24 inasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako hapo, uende ukapatane naye kwanza. Waliosikia maneno hayo walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu. Kuacha sadaka hapo kulimaanisha safari ya siku kadhaa kurudi kijijini, kupatana, na safari nyingine kwenda kuimalizia. Kwa hiyo umbali na nauli havijawahi kuwa udhuru.

Hata hivyo kuna watu usiowaendea moja kwa moja:

a) Asiyejua wala hakudhurika. Kama ulimwonea wivu kimoyomoyo miaka mitatu, limalize na Mungu. Ukienda kumwambia, umeutua mzigo wako kichwani pake.

b) Anayekuogopa. Ulimpiga, ulimdhalilisha, au amesema usimkaribie. Usiende, usipige, usitume mtoto. Mpe ujumbe mchungaji au mtu anayemwamini *yeye*, kisha ukae mbali. Kukaa mbali ni sehemu ya toba yako.

c) Kosa ambalo ni jinai. Hapa tafuta ushauri wa mwanasheria juu ya namna ya kujitokeza, ukijua kwamba msamaha wa Mungu haufuti kesi. Mwizi aliyesamehewa msalabani hakushushwa msalabani.

Kwa wengine, fanya hivi.

*Omba nafasi kwa kusema unachokuja kufanya.* "Dada, nina kosa nililokufanyia, ningependa kuja kukuomba radhi. Utanipa nafasi lini?" Usimvizie harusini, msibani wala mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo hawezi kukataa bila kuonekana mbaya. Muda na mahali achague yeye.

*Nenda na maneno machache uliyoyafanyia mazoezi.* Mwana mpotevu alipanga maneno yake tangu akiwa analisha nguruwe (Luka 15:18–19): nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika, alisema mawili ya kwanza tu (mstari wa 21). La tatu halikutoka, baba ameshaagiza joho. Kufanya mazoezi si unafiki. Anayekwenda bila kujiandaa ndiye anayejikuta amejitetea nusu saa.

*Sema mambo manne kwa mpangilio huu:* kosa, madhara yake kwake, kitu utakachofanya, ombi. Kwa mfano:

"Dada, nashukuru umenipokea. Ulinieleza habari ya ugonjwa wako, nami nikawaambia watu wawili. Uliponiuliza nilikana, nilikudanganya. Najua tangu siku hiyo watu walianza kukuangalia vibaya kazini, na ulibaki bila mtu wa kumwambia lolote. Nimeshawaendea wote wawili, nimewaambia nilifanya vibaya, nimewaomba wasiendelee kulisema. Nimekukosea. Naomba unisamehe. Huna haja ya kunijibu leo."

Hayo hayafiki dakika mbili. Ukishayasema, nyamaza. Ukimya utakaofuata ni mgumu, na hapo ndipo watu huharibu, kwa sababu wanaujaza. Mwache aseme, alie, akasirike, arudie jambo hilohilo mara tatu. Akitaja jambo ambalo si kweli, liache lipite isipokuwa amekuuliza.

Maneno ya kutotumia, hata yakikujia kwa nia njema:

- "*Kama* nimekukosea." Unajua umemkosea, ndiyo maana umekuja. Hiyo "kama" inamtaka mwenzako athibitishe kesi.
- "Nisamehe, *lakini*…" Kila kinachofuata "lakini" kinafuta kilichotangulia.
- "Tusameheane." Umekuja kuomba msamaha, tayari umeshagawa kosa nusu kwa nusu.
- "Yaliyopita si ndwele." Methali nzuri, ila ni ya kusemwa na aliyeumizwa. Aliyeumiza akiisema ni kama mdaiwa kujifutia deni.
- "Biblia inasema usiposamehe hutasamehewa." Maandiko hayo yapo kweli. Si wewe wa kumsomea.
- "Hata mimi nimeteseka sana." Huenda. Mwambie yule mtu wako wa jioni.

Angalia pia mwili wako. Kumpigia mtu magoti mbele za watu, au kulia mpaka yeye ndiye akubembeleze, humlazimisha akusamehe ili tukio liishe. Mfalme Sauli alimwambia nabii Samweli nimekosa, na katika pumzi ileile akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake (1 Samweli 15:30). Jiulize kabla ya kuondoka nyumbani: ningekwenda hata kama hakuna atakayejua kwamba nimekwenda?

Akisema amekusamehe, jibu ni "asante". Usiulize, "Kwa hiyo tuko sawa?" Usiombe apige picha nawe.

Barua au ujumbe hutumika kama yuko mbali sana au amekataa kuonana lakini hajakataa kusoma. Tumia mambo yaleyale manne, ukurasa usizidi mmoja.

*Kuhusu uzinzi*, maana huulizwa sana: usimweleze mwenzi wako usiku wa manane baada ya ugomvi. Panga na padre, mchungaji au mshauri wa ndoa, mwenzako achague kama huyo awepo. Sema ukweli wote mara moja. Kinachovunja ndoa kwa mara ya pili ni kipande kilichobakizwa kikajulikana baadaye. Jibu maswali bila kudanganya, ila usimsimulie ya chumbani. Na kama kuna hatari ya maambukizi, usingoje mpango wowote: pima, umwambie naye apime.

Hatua ya 6: Lipa

Msamaha hauondoi deni. Walawi 6:1–7 inamtaka aliyenyang'anya au aliyedanganya arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Kutoka 22:1 inataka ng'ombe watano kwa mmoja aliyeibwa akachinjwa au kuuzwa, na kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo (Luka 19:8) alijiwekea mara nne, juu ya nusu ya mali yake kwa maskini. Mkristo hahukumiwi kwa sheria ya Musa, lakini sehemu ya tano ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu fedha iliyokaa kwako mwaka mzima imemnyima mwenyewe mwaka mzima.

Kwa hesabu yetu: deni 120,000, sehemu ya tano yake 24,000, jumla 144,000. Huna zote? Gawa: 12,000 kwa miezi 12. Andika, wape wenzako nakala, lipa tarehe moja kila mwezi, chukua risiti. Taja kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya. Kuahidi 40,000 ukakwama mwezi wa pili ni kosa jipya juu ya la zamani. Sehemu ya tano isigeuke bei ya kununua kimya chao.

Mwenye fedha amekufa? Hesabu 5:8 inaielekeza kwa jamaa yake wa karibu. Hajulikani kabisa, kama mteja uliyempunja sokoni? Wape maskini, kimyakimya.

Jina la mtu nalo hulipwa. Ulizusha uongo kwa watu sita, rudi kwa wote sita: "Nilikuambia hivi juu ya fulani. Ni uongo. Niliutunga mimi." Uliandika kwenye kundi la WhatsApp, sahihisha kwenye kundi hilohilo. Kufuta ujumbe hakusahihishi kitu, walioshasoma wameshasoma.

Hatua ya 7: Ziba ulipopitia

Watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwajibu kwa jumla. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu, watosheke na mshahara wao (Luka 3:12–14). Kila mtu kwenye mlango wake. Uliiba kwenye kikundi, omba daftari lisainiwe na watu wawili au jitoe kwenye uhazina. Ulianguka kwa mtu fulani, futa namba, badilisha njia, acha ile kwaya kama ni lazima. Ulitukana ukiwa umelewa, basi suala ni chupa.

Mambo yakikwama

*Hajibu, au amekataa.* Jaribu mara moja ana kwa ana, mara moja kwa maandishi, kisha acha mlango wazi na usimsumbue. Warumi 12:18 ina maneno "kwa upande wenu". Upande wake si wako. Kulipa unaendelea kulipa hata kama hajakusamehe.

*Amenisamehe ila haniamini.* Ni kawaida. Kikundi kinaweza kukusamehe Jumamosi na kumchagua mhazina mwingine Jumapili, na hakijakukosea.

*Naye alinikosea.* Mathayo 18:15 inakupa njia: umwonye mkiwa wawili tu. Siku nyingine, safari nyingine.

*Amekwisha kufa.* Ungama kwa Mungu na kwa kanisa lako, lipa warithi, na kama ulimharibia jina, lisafishe kwa walio hai.

*Nimekumbuka dhambi baada ya kutoka kwa padre.* Kama uliisahau kweli, maungamo ni halali. Itaje safari ijayo.

*Narudia ileile.* Yesu aliagiza ndugu asamehewe hata mara saba kwa siku akirudi akitubu (Luka 17:4). Rudi uungame tena, lakini safari hii kaa zaidi kwenye hatua ya 7. Anayerudia kwa kawaida ameungama vizuri na hajaziba kitu.

*Sisikii kama nimesamehewa.* Hisia hufika kwa kuchelewa, na wakati mwingine hazifiki. Angalia karatasi: kuna jina hujaliendea au kiasi hujakitaja? Kama vyote vimefanyika, usiungame upya.

*Wasiwasi.* Kama unaungama jambo lilelile kila wiki, au unaona dhambi kwenye kila wazo linalopita, huo ni wasiwasi wa dhamiri, na dawa yake si maungamo zaidi. Chagua padre au mchungaji mmoja, umweleze hali hiyo, na akikuambia "hili usilirudie", mtii. Ikikunyima usingizi na kula, mwone pia daktari.

*Naogopa nimetenda dhambi isiyosameheka.* Soma Marko 3:28–30 mpaka mstari wa 30, ambao watu huuacha: Yesu aliyasema hayo kwa vile waandishi wa sheria walivyosema kwamba Yeye ana pepo mchafu. Waliuita wema wa Roho kazi ya Shetani wakiuona kwa macho. Anayelala macho akiogopa amemkosea Roho si mtu wa namna hiyo.

*Nimekata tamaa kabisa.* Yuda alisema "nimekosa", na vipande 30 vya fedha akavirudisha. Aliyasema kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, akaondoka peke yake (Mathayo 27:3–5). Petro alilia kwa uchungu lakini akabaki na wenzake. Ukianza kuwaza kujidhuru, usimalize hatua yoyote ya hapa: mpigie mtu saa hii, aje ulipo, na mwende hospitali.

*Karatasi niifanyeje?* Itunze mahali pasipofikiwa mpaka malipo ya mwisho yaishe, kwa sababu miezi ikipita utaanza kuikumbuka hesabu kwa namna inayokupendelea. Ukishapokea risiti ya mwisho, ichome.